Ukurasa wa Mbele wa Mwaka Ambao Haujafika

Jumatano, 3 Septemba

Zuhura amesema leo kwamba warsha yake ya nne haina mihadhara. Wakazi wataandika gazeti. Gazeti la miaka kumi na mitano ijayo, ukurasa wa mbele tu. Ndiyo sababu aliniita.

Zuhura ni mhadhiri, bado kijana. Anafundisha taaluma ya mustakabali. Si utabiri, anarudia kila mara, kwa sababu kila mara kuna anayemuuliza kama anapiga ramli. Kesho ya watu anaigawa sehemu tatu: inayowezekana, inayoelekea kutokea, na ile watu wanayoitaka. Yeye anashughulika na ya tatu. Watu waseme wanachotaka, wakieleze mpaka kionekane, kisha warudi nyuma hatua kwa hatua hadi leo, wajue pa kuanzia.

Nilikuja na shaka. Miaka ishirini na sita ya uandishi wa habari na sijaandika habari ya jambo ambalo halijatokea.

Ukumbi wa kijamii, Mishomoroni. Watu kumi na wanane. Wote ni watu wa nyumba bila shamba: nyumba ni yao, ardhi iliyo chini yake ni ya ukoo mmoja wa mjini. Makubaliano ya tangu enzi za babu zao yanataka wajenge kwa udongo na fito, kitu kinachoweza kuondolewa. Mawe marufuku. Msingi marufuku.

Niliwafundisha ninayomfundisha kila anayeanza kazi. Nani, nini, wapi, lini. Jipya litangulie, pamoja na aliyelisema. Andika kama limekwisha kutokea. Usiweke "huenda".

Habari kuu waliichagua kwa kura: wakazi wapewa hati za ardhi. Chini yake habari ya zahanati, kisha ya Mama Kadzo, anayeuza mahamri na mbaazi mbele ya nyumba yake. Aliandika nyumba ya mawe yenye dirisha kubwa linalotazama barabara, auzie dirishani, asiwe anatoa meza na kuirudisha kila siku. Mistari saba. Sikugusa kitu ila nukta mbili. Safi kuliko za vijana wetu wa ofisini.

Bi Mwana, mkubwa kuliko wote pale, alitaka "inshallah" katika kila sentensi. Nikamwambia gazeti haliandikwi hivyo.

"Wataka kumtoa Mungu gazetini, mwandishi?"

"Simtoi, Bi Mwana. Napunguza maneno."

"Haya, kata. Wewe ndiwe mwenye mkasi."

Watu wakacheka. Nilizikata zote. Zilikuwa tisa.

Mwishoni Zuhura alibandika karatasi ndefu ukutani, kutoka mwaka ule hadi leo. Kila mtu aandike hatua zake, ya mwisho ikiwa ile atakayoifanya Jumatatu asubuhi. Sikuzisoma. Nilikuwa nakusanya makala.

Alhamisi, 4 Septemba

Mpanga kurasa wetu ameupanga ukurasa baada ya kazi. Jina la gazeti amelibuni, lakini safu ni kama zetu, herufi kama zetu. Tarehe ya miaka kumi na mitano ijayo iko juu kulia kwa herufi ndogo, mahali pa tarehe siku zote. Nimeusoma mara tatu kutafuta makosa. Sikuona.

Nakala ishirini.

Jumamosi, 6 Septemba

Nakala zimegawiwa. Mama Kadzo ameitia yake kwenye plastiki, ameibandika kwenye meza ya mahamri. Wateja wanaisoma wakisubiri chenji. Mmoja alicheka, akamwita "mama mwenye dirisha". Akamjibu dirisha likija, mikopo ya mahamri kwisha.

Nimefurahi. Niandike hilo, maana si kawaida yangu.

Jumapili, 7 Septemba

Mtu ameupiga picha ukurasa bila ule upande wa juu. Tarehe haimo.

Imenifikia saa mbili asubuhi kutoka kwa shemeji yangu wa Likoni, akiuliza zamu yao ni lini. Hadi adhuhuri nimeipokea mara kumi na moja. Changamwe. Mikindani. Mtu wa Mikindani ameongeza alama za pongezi na bendera.

Nimeandika ufafanuzi wa sentensi tatu, nikautuma kila ilikotoka picha. Ninavyojua, aliyeisoma ya kwanza hasomi ya pili.

Zuhura amepiga simu akilia. Nimemwambia alie baadaye, kwanza ampigie kila aliyepewa nakala.

Jumatatu, 8 Septemba

Bwana Swaleh, msimamizi wa shamba na mmoja wa ule ukoo, amesema saa nne asubuhi mbele ya watu: msingi ufukiwe kabla ya sala ya Ijumaa, la sivyo nyumba nzima iondoke.

Msingi ni wa Mama Kadzo. Nilifika saa tatu na nusu, Zuhura aliponipigia. Ukuta wa mbele haupo. Fito zimefungwa mafungu, zimeegemezwa kwa jirani. Pale ulipokuwa ukuta pana mtaro, mita nne upana wote wa nyumba, kina cha goti. Fundi na mwenzake walikuwa bado wanachimba. Kitanda, kabati, picha ya Yesu, vyote vinaonekana kutoka barabarani. Anaishi humo na binti yake, Kadzo, na wajukuu wawili.

Swaleh alikuja kwa miguu. Kanzu iliyopigwa pasi, kofia iliyodariziwa, simu mkononi. Alisalimia kila mtu kwanza, mmoja mmoja, ndipo akafungua ile picha.

"Mumejigawia hati wenyewe, sasa mwajenga."

Alinionyesha mimi, hakujua nani aliyeiandika. Nikamwambia. Nikamwambia pia kwamba tarehe imekatwa, na kwamba lilikuwa zoezi.

"Zoezi," akasema. "Hata inshallah hamna humu, Bi Riziki. Ningeiona inshallah ningejua watu waomba dua. Hii imeandikwa kama jambo lililokwisha."

Nilizikata mimi, zote tisa. Ndivyo nilivyokusudia iandikwe.

Tishio si la maneno matupu. Mwaka jana nyumba ya tatu kutoka hapo iliondolewa kwa sababu mwenyewe alijenga choo cha mawe. Nilikwenda, nikaandika aya nne. Sasa pana majani marefu na tairi.

Aibu. Si neno ninalolitumia kazini.

Jumanne, 9 Septemba

Nilikwenda kumwomba radhi Mama Kadzo kwa kumpotosha. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Hakuniacha nimalize. Alikuwa anageuza mahamri kwenye karai, mgongo wake kwenye ule mtaro.

"Nani kapotoshwa? Ile habari si nimeiandika mimi? Nitajidanganyaje?"

Nikamuuliza mbona basi amebomoa.

"Mwalimu alisema kila mtu aandike atafanya nini Jumatatu asubuhi. Nikaandika nitachimba msingi. Jumatatu ikafika."

Alilisema kama anavyotaja bei.

Nikaenda kwa Zuhura. Tukaikunjua ile karatasi ndefu. Watu kumi na saba wameandika watauliza, wataitisha mkutano, watatafuta wakili. Mmoja ameandika kuchimba. Zuhura alikuwa amechora nyota ndogo ya kalamu nyekundu pembeni yake. Anasema aliona ni mfano mzuri.

Kwa hiyo ni mambo mawili. Picha ilisambaa Jumapili, msingi ukachimbwa Jumatatu, na moja halikuzaa jingine. Swaleh anayaona ni jambo moja. Ningekuwa yeye, ningeona vivyo hivyo.

Nina hasira na Zuhura. Nina hasira zaidi na mimi. Niliketi chumba kimoja na ile karatasi na sikuisoma.

Jumatano, 10 Septemba

Swaleh amepiga simu saa mbili na robo. Ametoa njia. Mama Kadzo atie sahihi barua kwamba alipotoshwa na gazeti la uongo, afukie mtaro, arudishe ukuta wa udongo. Nami niandike hivyo hivyo kwenye gazeti la kweli. Hapo yamekwisha, hakuna nyumba itakayoguswa. Alisema kwa upole. Ninaamini alimaanisha wema.

Kwa saa nzima niliona ni jambo zuri. Mhariri naye alifurahi: mkazi adanganywa na ukurasa bandia, habari fupi, inasomeka.

Nimejaribu. "Mkazi wa Mishomoroni aliyepotoshwa na..." Nimeishia hapo. Hakupotoshwa. Nimemsikia kwa masikio yangu akisema hakupotoshwa.

Lakini barua nimeichapa na nimempelekea. Na nilimshauri atie sahihi. Naandika hilo nisije nikajisahaulisha.

Kadzo alikuwa upande wangu. Alisimama katikati ya chumba kisicho na ukuta, mtoto kiunoni.

"Mama, tia sahihi tupumzike! Mbuzi apita ndani kama kwake. Jirani ajua hadi tumekula nini!"

"Jirani alijua hata ukuta ukiwepo," mama yake akamjibu.

Kisha akanigeukia. Alisema akitia sahihi, yeye ni mjinga aliyesoma gazeti akakimbilia jembe. Na wale kumi na saba ni wajinga pamoja naye. Na siku watakapokwenda tena kudai ardhi, wataonyeshwa ile barua.

"Mulungu ananiona, mwandishi. Nilichimba nikiwa na akili zangu."

Akanirudishia barua. Ina alama ya kidole cha mafuta pembeni. Alichosema ni sahihi. Na nyumba yake ina siku mbili.

Alhamisi, 11 Septemba

Mvua, dakika ishirini, kabla ya saa moja asubuhi. Turubai halikuzuia kitu. Mtaro umejaa. Udongo wa ukuta wa upande umeanza kumeguka chini, na fito mbili zinaonekana. Fundi amesema hautastahimili mvua mbili kama hiyo. Hawezi kuendelea kujenga, na Mama Kadzo hataki afukie. Watoto wamepelekwa kwa jirani. Kadzo hasemi na mama yake.

Saa nane tukaenda kwa Swaleh, dukani kwake Kongowea, anapouza vitambaa vya mapazia. Zuhura alibeba karatasi yake kwapani. Nilimwonya asianze na nadharia. Alianza na nadharia. Swaleh akamsikiliza, akaagiza kahawa na kashata, akamwambia anywe kwanza.

Kisha akaikunjua karatasi juu ya meza ya kupimia. Aliisoma yote, miwani puani, kidole kikipita kila mstari kutoka mwaka ule hadi leo. Akauomba na ukurasa wenyewe, ule wenye tarehe. Akausoma. Akarudi juu, akausoma tena. Nilidhani anatafuta kosa la kisheria.

"Sisi mumetuweka wapi?"

Zuhura hakuelewa.

"Sisi, wenye shamba. Natafuta jina letu humu. Hati zimetoka, dirisha limefunguliwa, zahanati ipo. Sisi tumekufa? Tumehama?"

Nikatafuta nami. Hatumo. Namaanisha hawamo. Habari ya ardhi isiyo na mwenye ardhi ndani yake. Watu kumi na wanane, warsha nne, na mimi niliyeusoma ukurasa mara tatu nikitafuta makosa. Kijana akiniletea habari ambayo upande wa pili haukuulizwa, humrudishia kabla sijafika aya ya pili.

Nikamwambia hivyo hivyo. Sikupamba. Kosa la ukurasa ni langu, na si lile la tarehe.

Hakufurahi, lakini alivua miwani. Akasema jambo ambalo sikulitegemea. Warithi ni ishirini na mmoja. Hawajawahi kuketi wakaulizana wanataka nini na lile shamba.

"Twajua tusilotaka tu. Twakataza mawe kwa sababu mwaka uliopita tulikataza mawe. Ukiniuliza miaka kumi na mitano ijayo pale nataka kuona nini, wallahi sina jibu."

Zuhura, kwa mara ya kwanza siku ile, akasema sentensi moja tu. "Basi njooni nanyi muandike ukurasa wenu, Bwana Swaleh, tuuweke kando ya ule."

Swaleh akauliza kama anaitwa kukubali hati. Nikamwambia la. Anaitwa kusema. Akauliza nani atakuwa mwandishi. Nikasema si mimi. Akatabasamu kidogo, akasema hilo ndilo jambo la kwanza la busara lililotoka kwetu tangu Jumatatu.

Hakuahidi. Atawauliza wakubwa wawili wa ukoo. Jibu kesho kabla ya sala. Agizo la kufukia linabaki palepale mpaka hapo.

Sina hakika. Naiandika hivyo.

Ijumaa, 12 Septemba

Hakukunyesha.

Nilikuwa kwa Mama Kadzo tangu saa tatu. Amepika kama kawaida. Watu wamenunua kama kawaida, ila wanaondoka haraka, hawataki kuwepo. Zuhura alikuja, akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, akamenya vitunguu bila kuombwa.

Saa tano na dakika kumi Swaleh akapiga. Amesema yeye na wakubwa wawili watakuja kikaoni. Mmoja amekubali, mwingine anakuja kusikiliza tu. Sharti: mpaka kikao kiishe, lisiwekwe jiwe hata moja. Nikamuuliza kuhusu kufukia.

"Msifukie. Uwacheni ulivyo."

Nikamsomea maneno yake kama nilivyoyaandika. Akathibitisha.

Mama Kadzo hakushukuru. Aliuliza kama kuna anayeweza kupata mbao za kufunika mtaro, wajukuu wakirudi wasitumbukie. Fundi akaleta tatu. Nilishika upande mmoja, Kadzo upande wa pili. Yeye na mama yake wanasemezana tena, kwa kugombana kuhusu mahali pa kuweka kabati. Ukuta wa upande umepewa turubai la pili na nguzo mbili za mnazi. Udongo uliochimbwa uko pale pale kando, umefunikwa magunia.

Saa saba na nusu watu wakatoka msikitini. Wakapita. Hakuna aliyekuja na jembe wala nyundo.

Mhariri ameuliza tena habari iko wapi. Nimemwambia bado, upande mmoja haujasema.

Kikao ni kesho, Jumamosi tarehe 13, saa tatu asubuhi, ukumbi wa kijamii. Viti ishirini na vitatu, Zuhura amekwisha kuvihesabu. Wenye shamba wataanza kusema. Mpaka watakapomaliza, hakuna jiwe linaloshuka mtaroni na hakuna udongo unaorudishwa.